Siku Kumi na Moja za Kuweka ROOT

Siku ile ya mchezo wa mpira baina ya wanafunzi wa sasa na sisi wanafunzi wa zamani (tulifungwa mabao manne, na sina la kusema zaidi juu ya jambo hilo), kijana mmoja wa kidato cha tano alinijia akaniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu vema pale uwanjani. Alikuwa amesikia ya kwamba chuoni ninapofanya kazi tunatumia programu iitwayo ROOT, ile ile wanayoitumia wataalamu wa fizikia huko Geneva, na ya kwamba programu hiyo hutolewa bure kwa mtu ye yote. "Sasa, mzee," akasema, "ikiwa ni ya bure, na intaneti mnayo, mbona iliwachukua siku kumi na moja kuiweka?"

Swali lake ni la haki. Nimemwomba Bwana Mhariri anipe nafasi nilijibu hapa, maana naona wako wengine wenye kuuliza vivyo hivyo, na baadhi yenu mtakuja kufanya kazi hii baada ya miaka michache.

Karibu na mji wa Geneva, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, iko taasisi ya CERN, iliyoanzishwa mwaka 1954. Chini ya ardhi wamechimba njia ya mviringo yenye urefu wa kilometa 27. Humo protoni huzungushwa kwa mwendo unaokaribia kabisa mwendo wa nuru, kisha hugonganishwa uso kwa uso. Kila mgongano huzaa vipande vingi vidogo, na mitambo mikubwa iliyopazunguka mahali pa mgongano huandika habari za kila kipande: kilikwenda upande gani, na kilikuwa na nishati kiasi gani. Mgongano mmoja peke yake haukuambii neno kubwa. Maana hupatikana mtu anapokusanya mamilioni ya migongano na kuihesabu pamoja, na kazi hiyo haiwezekani kwa daftari na kalamu, wala kwa programu za kawaida za ofisini.

Kwa ajili hiyo, mwaka 1995, René Brun na Fons Rademakers walianza kuandika ROOT pale CERN. Kabla yake watu walitumia programu iliyoitwa PAW, iliyoandikwa kwa lugha ya Fortran. ROOT iliandikwa kwa C++. Ufundi wake mmoja nataka mwufahamu. Mwalimu akitaka kujua alama za hesabu za darasa zima, hafungui karatasi za kila mwanafunzi moja moja. Hutazama safu moja tu ya hesabu katika kitabu chake cha alama. Faili la ROOT limepangwa namna hiyo. Ukitaka nishati tu, husoma safu ya nishati tu, na mengine yote huachwa yamelala katika diski. Ndiyo sababu faili lenye migongano milioni nyingi huweza kuchunguzwa kwa dakika chache. Tarehe 4 Julai 2012, CERN walipotangaza ya kuwa wameona kipande kipya, kile kilichokuwa kikitafutwa kwa jina la Higgs, michoro waliyouonyesha ulimwengu ilichorwa kwa ROOT.

Sasa nirudi kwetu. Mwanzoni mwa mwaka 2024 mwanafunzi wetu mmoja wa shahada ya pili alikuwa akiandika kitabu chake cha utafiti, na alitakiwa akitoe mwisho wa mwezi wa tatu. Alihitaji ROOT katika seva ya chuo. Seva ni kompyuta kubwa isiyokuwa na kioo wala kibao mbele yake; imefungiwa katika chumba chake chenye baridi, na watu wengi huitumia kwa pamoja kutoka mbali, kila mtu akiwa ameketi kwenye kompyuta yake ndogo. Kazi ya kuiweka nikapewa mimi.

Siku mbili za kwanza zilipotea kwa sababu ya jina. Katika kompyuta zinazotumia Linux, msimamizi mkuu, yule mwenye uwezo wa kufanya lo lote, pia huitwa root. Nilimwandikia fundi wa seva barua fupi ya kwamba "nahitaji root katika seva, kwa haraka." Alinijibu kwa maneno makali ya kwamba cheo hicho hapewi mtu, hata profesa, na ikiwa nina malalamiko niende kwa mkuu wa idara. Ilitubidi tukutane kwa chai ndipo tukaelewana. Neno hilo kwa Kiingereza maana yake ni mzizi, na tangu siku ile sisi wawili tunaiita programu "mzizi wa Geneva" ili tusigombane tena. Jambo muhimu ni hili: kuweka ROOT hakuhitaji cheo cha root. Mtu wa kawaida aweza kuiweka katika folda yake mwenyewe.

Kijana wangu wa kidato cha tano atauliza: kwa nini hamkuchukua ile iliyo tayari? Tulijaribu. Programu yaweza kupatikana kwa namna mbili, kama nguo. Waweza kununua shati dukani, limekwisha kushonwa, ukalivaa papo hapo. Au waweza kununua kitambaa, ukampelekea fundi mwenye cherehani barazani, akakupima na kukushonea. ROOT ya dukani ni ile iliyokwisha kugeuzwa kuwa tarakimu zinazoeleweka na mashine. Kitambaa ni maandishi yenyewe ya C++, kama mafundi wa CERN walivyoyaandika, ambayo mtu aweza kuyasoma, lakini mashine haiwezi kuyatenda mpaka yageuzwe. Programu inayoyageuza huitwa kompaila. Hiyo ndiyo cherehani.

Shati la dukani halikututosha. Seva yetu wakati ule ilikuwa ikitumia CentOS 7, toleo la Linux lililotoka mwaka 2014. Karibu kila programu ya Linux huegemea maktaba moja ya msingi iitwayo glibc. Ya kwetu ilikuwa toleo la 2.17, ROOT tuliyoishusha ilikuwa imeshonwa juu ya toleo la 2.34, ikakataa hata kuamka. Programu ya zamani kwa kawaida huenda juu ya glibc mpya, lakini mpya haikubali kwenda juu ya iliyo kuukuu. Wala hatukuweza kubadilisha msingi wa seva nzima kwa ajili ya mtu mmoja, hali wengine wamo katikati ya mahesabu yao.

Haki inanibidi niseme ya kwamba ziko njia nyingine rahisi, kama vile conda, zinazoleta ROOT pamoja na maktaba zake zote kwa amri moja. Mwenye kompyuta yake mwenyewe na azitumie, asijisumbue bure. Bali mwanafunzi wetu alikuwa na programu nyingine ya C++ aliyopewa na mwalimu wake, nayo ilikuwa imekwisha kujengwa kwa kompaila ya pale pale kwenye seva. Ilimpasa kuiunga na ROOT ziwe kitu kimoja, na vitu viwili vya C++ vilivyoshonwa kwa cherehani tofauti huwa havipatani sikuzote. Basi, ikabidi tununue kitambaa.

Kwa kutumia programu iitwayo Git tuliyaleta maandishi ya ROOT. Tulichukua toleo thabiti la mwisho tu, bila historia ya mabadiliko yote ya miaka iliyopita, na kwa intaneti yetu hiyo ilikuwa faida kubwa. Tukatengeneza folda tatu: ya kitambaa, ya kushonea, na ya nguo iliyokwisha. Usizichanganye. Kazi ikiharibika, na itaharibika, unaifuta ile ya kushonea bila kugusa kitambaa, ukaanza tena.

Kabla ya kushona hupimwa. Kazi ya kupima hufanywa na programu iitwayo CMake. Hiyo hutembea ndani ya seva ikiuliza: kompaila iko wapi, ni ya toleo gani, maktaba gani zipo, Python ni ipi. Ya kwetu ilirudi na jibu la kusikitisha, maana ilikuta kompaila ya asili ya CentOS 7, yaani GCC 4.8, na ROOT za siku hizi zataka kompaila inayofahamu kipimo cha C++ cha mwaka 2017. Fundi alikuwa ameweka kompaila mpya kando, ambayo mtu hapana budi aiwashe mwenyewe kila anapoingia. Nikaiwasha, nikaiamuru CMake ipime tena. Ikanijibu vile vile! Nilihangaika siku nzima. Kumbe CMake ina daftari lake, faili moja katika folda ya kushonea, na kompaila iliyoandikwa humo mara ya kwanza haibadilishi, hata ukileta nyingine. Nilipoifuta folda ile yote na kuanza upya, kompaila mpya ikaonekana mara moja. Kadhalika niliiambia iache sehemu ya kufungua madirisha kwenye kioo, kwa kuwa seva haina kioo. Michoro tungeiandika katika faili na kuitazama kwingine.

Sasa nafika katika jambo ambalo ningependa kulipita, lakini ndilo lililonifanya nikubali kuandika.

Seva yetu ilikuwa na prosesa 24 na kumbukumbu ya gigabaiti 32. Kompaila yaweza kuendeshwa nyingi kwa pamoja, kila moja ikigeuza faili lake, na idadi yake waitaja wewe mwenyewe mwishoni mwa amri. Saa tatu ya usiku, nikiwa nyumbani na mwenye haraka, niliandika 24. Niliona seva imelala, prosesa nyingi hazina kazi. Nikafikiri, kwa nini zikae bure?

Sikufikiri juu ya kumbukumbu. Ndani ya ROOT mna kitu kiitwacho Cling, kilichoingizwa katika toleo la 6 mwaka 2014. Hicho humwezesha mtu kuandika mstari mmoja wa C++ na kuutenda palepale, bila kungoja. Ni kitu kizuri, lakini kimejengwa juu ya kompaila nzima iitwayo Clang na msingi wake LLVM. Kwa hiyo anayejenga ROOT anajenga na kompaila nyingine ndani yake. Hiyo ndiyo sehemu ndefu kuliko zote, na baadhi ya mafaili yake, moja tu, hula gigabaiti nzima ya kumbukumbu au zaidi linapogeuzwa. Zidisha kwa 24, uone kama 32 zitatosha.

Kumbukumbu ikiisha kabisa, Linux haisimami ikaomba shauri. Humtafuta mlaji mmoja na kumwua, ili wengine waishi. Wala hamtafuti mkosaji. Kwa kawaida humchagua yule anayeshika kumbukumbu nyingi kuliko wote wakati ule. Kompaila zangu zilikuwa nyingi, lakini kila moja peke yake ilikuwa ndogo. Mlaji mkubwa alikuwa hesabu ya dada mmoja wa elimu ya hali ya hewa, aliyekuwa akichunguza mvua za Ziwa Viktoria. Hesabu yake ilikuwa imekwenda siku tisa, na imebakiwa na siku mbili hivi. Ikauawa yake. Za kwangu zikaendelea.

Asubuhi nilisoma habari hiyo katika kumbukumbu za seva, na saa zilipatana barabara na amri yangu. Hapakuwa na mtu mwingine ye yote aliyefanya kazi usiku ule. Nilimwendea mwenyewe kabla fundi hajamwambia. Alikuwa amekaa mezani pake akitazama mstari wa mwisho wa kazi yake, akidhani kosa ni lake. Nilipokwisha kueleza alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Kaka, ni siku tisa." Hakusema zaidi, na afadhali angesema.

Fundi alinifungia mlango wa seva siku tatu, na alifanya vema. Siku hizo nilizitumia kumsaidia yule dada kuibadilisha programu yake, ili kila baada ya saa sita iandike katika diski mahali ilipofika. Ikikatwa, iendelee kutoka hapo, isirudi mwanzo. Programu ya siku tisa isiyojiandika njiani ni hatari hata bila jirani kama mimi, maana umeme wetu mnaujua. Fundi naye akaweka kipimo cha kumbukumbu kwa kila mtu, na wa kwanza kupimiwa nilikuwa mimi.

Niliporudi niliandika 4 badala ya 24. Mara hii niliendesha kazi ndani ya tmux, programu ambayo huiacha kazi yako iendelee katika seva hata intaneti ya nyumbani ikikatika. Bila kitu kama hicho, kukatika kwa mawasiliano huenda kukaua kila ulichokianza. Ilisimama mara moja kwa kosa. Hapa nawapa shauri: kompaila nne zikisema pamoja, mstari wa mwisho kwenye kioo huwa ni kilio tu cha kwamba kazi imeshindikana, na hauna faida. Panda juu, tafuta kosa la kwanza kabisa. La kwetu lilikuwa juu mistari mia tatu na zaidi: diski ya folda yangu ilikuwa imejaa. Nikafuta vitu vyangu vya zamani, nikaamuru tena, na kazi ikaendelea kutoka ilipokomea, maana yaliyokwisha kugeuzwa hayageuzwi mara ya pili. Baada ya muda wa saa nne hivi ROOT ilikuwa tayari.

Au tulidhani. Mwanafunzi wetu alipoanza kazi aligundua ya kuwa sehemu ya kupambanua mawimbi, aliyoihitaji sana, haimo. Sehemu hiyo huegemea maktaba iitwayo FFTW, nayo seva yetu haikuwa nayo. CMake ilipoikosa iliizima sehemu ile kimya kimya, ikaandika mstari mmoja katikati ya mamia, nami sikuusoma. Iko amri ya kuikataza isifanye hivyo, isimame na kulalamika kila inapokosa kitu ulichokiomba. Inaandikwa fail-on-missing, na sasa siachi kuitaja. Siku mbili nyingine zikaenda kwa kujenga FFTW na kuiunga.

Siku ya kumi na moja tuliijaribu. CERN hutoa baadhi ya habari za migongano yao wazi kwa watu wote, na tulichukua faili moja la mtambo uitwao CMS, la mwaka 2012, lenye migongano zaidi ya milioni 60 katika gigabaiti 2 na ushei. Ndani yake zimo muoni. Muoni ni ndugu wa elektroni, mzito kuliko elektroni mara 207 hivi, na hupenya vyuma vinavyozuia vipande vingine karibu vyote. Kitu kizito kikivunjika kikatoa muoni mbili, twaweza kujua uzito wake (tungamo, kama walimu wenu wanavyotaka mseme) ingawa chenyewe kimekwisha kutoweka.

Chukua nishati ya muoni ya kwanza, izidishe kwa nishati ya pili, kisha kwa 2, kisha kwa 1 ukiisha kuitoa kosini ya pembe iliyo kati yao. Kipeuo cha pili cha jibu ndicho uzito wa mzazi. Njia hii hufaa muoni zinapokuwa na nishati kubwa kuliko uzito wao wenyewe. Jaribuni: muoni mbili, kila moja yenye nishati ya 45.6 katika kipimo cha GeV, zimekwenda pande zilizoelekeana kabisa. Kosini ni −1, kwa hiyo zidisha 45.6 kwa 45.6, kwa 2, kwa 2 tena. Kipeuo chake ni 91.2.

Tuliiamuru ROOT ifanye hesabu hiyo kwa kila mgongano wenye muoni mbili za chaji tofauti, na kuchora ni mara ngapi kila uzito umetokea. Prosesa nne tu. Tulisimama watu watano nyuma ya kiti, na yule dada wa mvua alikuwamo. Hesabu yake mpya ilikuwa ikienda katika seva ile ile, na nilimwona mara mbili akiitazama kama ingali hai. Ilikuwapo.

Mchoro ulipotoka, mstari wake ulianza kuteremka kutoka kushoto, kisha ukanyanyuka ghafula kama mwiba penye 3.1. Hicho ni kipande kiitwacho J/psi, kilichoonwa mwaka 1974 na makundi mawili ya Marekani, moja likiongozwa na Burton Richter na jingine na Samuel Ting, ambao kwacho walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1976. Mbele kidogo, penye 9.5, palikuwa na miinuko iliyokaribiana ya Upsilon. Halafu mteremko mrefu usio na kitu, hata tukadhani mchoro umekwisha. Na kule mbali kabisa kulia, penye 91, kilima kimoja cha peke yake, cha Z, kizito karibu kama protoni 97 zikiwekwa pamoja.

Mwanafunzi wetu alikitoa kitabu chake siku tatu kabla ya siku ya mwisho. CentOS 7 iliachwa kutunzwa na wenyewe tarehe 30 Juni mwaka huo huo wa 2024, na seva yetu ikawekewa msingi mpya. Basi ROOT ile tuliyoishona kwa taabu nayo ikafutwa, ikashonwa nyingine. Mara hii ilichukua siku moja na nusu, kwa kompaila nne.